Rangi Kamili, Nakala Mia Mbili

Wameleta tangazo asubuhi, kabla sijafagia.
Kijana wa taasisi ameweka flashi juu ya kaunta:
"Nakala mia mbili, rangi kamili, karatasi ya kung'aa.
Tubandike kutoka Barani hadi Muyeye
kabla matokeo hayajapoa."

Nikafungua faili. Nikajikuta.

Ni mimi, ndani ya joho la kukodi,
kofia imenipwaya, mkono umeinua karatasi iliyofungwa utepe.
Karatasi ile ilikuwa tupu, ya kupigia picha tu.
Vyeti, tuliambiwa, vitatoka karo ikiisha.
Chini ya kidevu changu wameandika kwa manjano:
UMEKOSA ALAMA? DARAJA LIPO.

Nilikuwa na C kavu.
Nilikosa vijistari viwili vilivyopishana,
alama ya kujumlisha ambayo hata mtoto wa chekechea huichora mchangani.

Mama alihesabu karo kwa makuti.
Muhula wa kwanza, makuti elfu na mia tano;
wa pili, elfu na mia nane, maana palizuka ada ya maktaba
na maktaba yenyewe ilikuwa kabati, na ufunguo alikuwa nao mkurugenzi.
Alishona usiku, vidole vimepasuka,
na hoteli za Casuarina zikaezekwa kwa elimu yangu.

Darasa lilikuwa juu ya duka la vipuri.
Mwalimu Shebwana alifundisha hesabu, fizikia na maadili,
siku nyingine yote matatu kwa kipande kimoja cha chaki.
Alikuwa mtu mwema, nalisema hilo ili nisimdhulumu.
Alizijua hesabu. Hakujua zinatupeleka wapi.
Tulirudia kidato cha nne neno kwa neno,
bila sare, bila kengele,
tukakiita chuo.

Kwenye dirisha la udahili nilifika na bahasha ya kaki.
Karani alisoma cheti changu mbele, akakigeuza, akasoma nyuma palipokuwa peupe.
"Hiki hatukitambui."
Hakunifokea. Afadhali angefoka.
Alikirudisha kwa vidole viwili,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi,
kisha akauliza: "Kidato cha nne ulipata ngapi?"
Swali lile lile.
Mwaka mzima nimezunguka nyumba, nikarudi mlango wa mbele,
na C yangu imekaa kizingitini, kavu kama nilivyoiacha.

Thoya, tuliyekalia dawati moja, alianzia ngazi ya chini kabisa,
astashahada, kisha stashahada, polepole. Tulimcheka.
Sasa yuko mwaka wa pili chuo kikuu, ana mvi mbili, ananitumia salamu.

Nikivuka Sabaki kwenda kumwona shangazi
huwa nalitazama daraja lile kwa wivu.
Mvua za bara huteremsha udongo
hadi bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa,
lakini lami iko huku, na lami iko kule.
Daraja halina sharti jingine.

Mashine inaguruma. Natoka mimi, natoka mimi, natoka mimi,
nikiwa moto, nikitabasamu.
Kwenye nakala ya mia na kumi wino wa manjano umekwisha;
uso wangu ukawa wa buluu kama wa mtu aliyezama.
Bosi akasema, badilisha, endelea, mteja kalipa nusu.
Nikabadilisha. Nikaendelea. Kodi ya chumba ni tarehe tano.

Mchana akaingia msichana na karatasi ya matokeo,
ameikunja mara nne ili herufi isionekane.
Anataka nakala tatu.
Akaliona rundo. Akanitazama. Akaliona tena.
"Dada, si ni wewe huyu?"

"Ni mimi," nikamwambia. "Nakala moja shilingi kumi.
Na daraja lenyewe limeishia hapo uliposimama."